Moshi wa Dunskerrin

Vickery Meadow, Dallas
9 Februari 2003

Mpwa wangu Élodie,

Kosa ambalo watu wengi hufanya kuhusu pombe uliyoniuliza ni kudhani kwamba moshi wake hutoka kwenye pipa. Nimeliandika mwanzoni kwa sababu najua barua zangu ni ndefu, na wewe husoma ukiwa umesimama, sufuria ikiwa jikoni. Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo, na mjukuu wangu Fortunée hajambo? Mimi mzima, isipokuwa sikio la kulia nalo limeanza kufuata la kushoto. Jirani wa chini, Matumaini, amejifungua mapacha, na jengo zima linasikia isipokuwa mimi. Mama yako ameniandikia kutoka Bukavu kwamba bati la jikoni limerudishwa na hana neno.

Tuendelee kuandikiana. Simu siisikii, na najua simu ya hapo unapopanga hupokelewa na dada yake Papa Zéphyrin, ambaye hupenda kujua habari kabla ya mwenye habari.

Kwenye kadi yako ya mwaka mpya uliniuliza ni pombe gani hii inayonuka kama jiko la kuni, na kwa nini watu wanaililia. Ni wiski, nami nitakueleza. Huko Uskoti kuna visiwa vyenye upepo mwingi kiasi kwamba miti ni michache. Watu wa huko hawakuwa na kuni, ila walikuwa na udongo mweusi wa kinamasi, yaani majani na mizizi iliyolala ndani ya maji maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Wanaukata kama matofali, wanaukausha, wanauwasha. Unaukumbuka: ndio ule waliouchimba mabondeni kule Burundi, na kambi za jeshi zikapikia, na moshi wake ukashika nguo wiki nzima. Basi, watu wa visiwani huotesha shayiri kidogo, kisha huikausha juu ya moto wa udongo huo. Moshi huingia ndani ya punje. Baadaye shayiri husagwa, huchachushwa, huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, na moshi bado umo. Pipa huongeza rangi na utamu tu. Ikiwa imetoka kiwanda kimoja, kwa shayiri peke yake, hapo ndipo bei hupanda.

Uliandika pia kwamba Papa Zéphyrin amekupa kazi ya lebo. Lebo za nini, mwanangu? Na nani anajaza chupa?

Mjomba wako,
Godefroid


Stafford
2 Machi 2003

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, Fortunée alikuwa na mafua, kisha mimi, kisha tena yeye. Sasa tumepona. Anasoma vizuri. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nikimkasirikia ananijibu Kiingereza zaidi. Amekuchora ukiwa na masikio makubwa sana ili usikie. Picha nimeibandika kwenye friji kwa ile sumaku nyekundu tuliyopewa na shirika la wakimbizi tulipofika.

Kazi ni nzuri, Mjomba, nakaa chini. Baada ya miaka miwili ya kubeba maboksi ghalani, mgongo wangu unamshukuru Mungu. Papa Zéphyrin aliona mwandiko wangu kwenye daftari la kwaya akasema, "Masista wa Bukavu walikutandika vidole vizuri." Anazo lebo zilizochapishwa tayari, zimeachwa nafasi tupu. Mimi naandika kwa kalamu ya wino tarehe, namba ya pipa na namba ya chupa. Chupa 1 kati ya 288, chupa 2 kati ya 288, hadi mwisho. Nilipofika 288 nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Umemaliza nini? Anza tena moja." Sasa niko mzunguko wa tatu.

Kujaza hujaza Dady, kijana wa Uvira tunayeimba naye, kwenye karakana ya Papa Zéphyrin. Humimina wiski ya kawaida ya madukani kwenye chombo kikubwa, kisha anatia vijiko kadhaa kutoka chupa ndogo ya kahawia. Nilileta moja nyumbani tupu. Fortunée alinusa akasema ni kile wanachopaka mbavu za ng'ombe kwenye sherehe za shule. Kweli, ipo dukani, karibu na sosi za nyama choma. Moshi ndani ya chupa.

Sikuuliza, Mjomba. Unajua ni yeye aliyetupokea uwanja wa ndege. Alikuja na makoti mawili, moja dogo la mtoto, na nyumbani tukakuta ameshapika sombe, majani ya muhogo kama ya kwetu. Mtu aliyekupokea namna hiyo humuulizi maswali.

Nimekuwekea lebo moja niliyoiharibu kwa wino. Niambie kama herufi zangu bado zinakupendeza. Usimwonyeshe mtu.

Wako,
Élodie


Vickery Meadow, Dallas
16 Machi 2003

Mpwa wangu,

Hujambo, na mchoraji wa masikio hajambo? Mapacha wa Matumaini walibatizwa jana, nimekula keki. Baridi imeisha ghafla kama ilivyokuja.

Herufi zako zinapendeza. Ndiyo sababu sikulala vizuri. Mtu yeyote aliyewahi kupata barua kutoka kwako angekutambua kwenye lebo hiyo kama anavyotambua uso.

Nimekwenda maktaba kwa treni, mara mbili, nikasoma kuhusu Dunskerrin, kiwanda kilichotajwa kwenye lebo yako. Nisikilize polepole. Zamani viwanda vya visiwani havikujaza chupa vyenyewe. Viliuza mapipa kwa wafanyabiashara wa mijini, wenye maduka ya chai, sukari na mvinyo. Hao ndio waliolaza mapipa chini ya maduka yao miaka kumi, ishirini, kisha wakajaza chupa na kuandika majina mawili: la kiwanda kilichotengeneza, na la wao waliojaza. Jina la pili lilikuwa kama kiapo. Mnunuzi hakuona kiwanda, hakuona pipa. Aliamini mkono ulioandika. Ndipo ikaja desturi ya kuandika kila kitu: tarehe iliyotoka kwenye mtambo, tarehe ya kujazwa, pipa gani, chupa ya ngapi kati ya ngapi.

Mwaka 1983 pombe ilikuwa nyingi kuliko wanywaji, na viwanda vingi vya Uskoti vikafungwa. Dunskerrin ilifungwa mwezi Mei. Mitambo ikauzwa kama chuma chakavu. Kilichobaki duniani ni yale mapipa yaliyolala kwa wajaza chupa, na kila mwaka yanapungua, kwa sababu yanajazwa, na kwa sababu pombe hupumua ndani ya mbao na kupotea kidogo kidogo. Ndiyo maana watu wanaililia. Hainywewi tu; wanakunywa kitu ambacho hakitatengenezwa tena.

Sasa tazama lebo yako. Imeandikwa, kwa mkono wako, kwamba wiski hii ilitoka kwenye mtambo mwezi Novemba 1984. Mwaka mmoja na nusu baada ya mlango kufungwa. Na pipa la kadiri ile hutoa chupa mia mbili na kitu, kisha linakuwa tupu. Halianzi tena moja.

Siyo wewe uliyetunga, najua. Lakini jina la Papa Zéphyrin halipo popote kwenye karatasi hii, wala la Dady. Uliopo ni mwandiko wako tu. Acha kazi hiyo. Rudi ghalani, au njoo Dallas, hotelini ninapofua mashuka wanatafuta watu. Na niandikie karakana hiyo iko mtaa gani. Nataka kujua tu uko wapi.

Mjomba wako,
Godefroid


Stafford
25 Mei 2003

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nilipata barua zako zote tatu, ile ya Machi na zile mbili fupi. Sikujibu kwa sababu ulinitia hofu na sikutaka kuiandika hofu kwenye karatasi.

Nilijaribu kuacha. Nilimwambia Papa Zéphyrin kwamba macho yananiuma. Alikuwa anakula karanga. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alinimiminia karanga mkononi, akasema, "Macho yanauma, lakini mwandiko hauumi. Mwandiko ni wa nani, binti yangu?" Nikasema ni wangu. Akasema, "Ni wako. Basi tuutunze pamoja." Kisha akaniuliza habari za alama za vidole. Mwezi ujao naitwa kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya karatasi za ukaaji, mimi na mtoto. Alijua tarehe, Mjomba. Mimi sikumwambia.

Tangu siku hiyo nikiona gari jeupe mbele ya nyumba nadhani ni watu wa uhamiaji, natoka kwa mlango wa nyuma. Fortunée anadhani ni mchezo.

Karakana sitakuandikia iko wapi. Ukijua, utakuja na kofia yako na maelezo yako marefu, na sisi tutarudishwa Bukavu na masanduku yetu. Usiniulize tena.

Na mimi nikuulize. Umejuaje haya yote kabla ya kwenda maktaba? Kwenye barua ya kwanza uliandika kama mtu aliyefanya kazi hiyo. Mama aliwahi kusema ulikuwa na kazi ya vinywaji pale Bukavu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Élodie


Vickery Meadow, Dallas
8 Juni 2003

Mpwa wangu,

Nakusalimu wewe na mtoto. Nimepokea yako. Sikukasirika. Nimepunguza kwenda maktaba kwa sababu ya joto.

Ni kweli, nilisomea kemia, na kwa muda nilikuwa maabara kwa mfanyabiashara mmoja wa vinywaji. Basi. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Siwezi kukulazimisha. Nakuomba jambo moja. Kinachotoka kwenye chupa za madukani, hata wakikiongopea jina, hakitamuua mtu. Ikifika siku wanaleta kitu kwenye chombo kisicho na maandishi, usikiguse, na uniandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako asijue kwamba una hofu. Moyo wake si mzuri.

Godefroid


Stafford
Jumapili, 3 Agosti 2003

Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka, Fortunée yuko kwa jirani.

Jumatano waliteremsha dramu ya plastiki ya buluu. Haina karatasi wala maandishi, na mahali palipokuwa na karatasi pamekwaruzwa. Dady aliuliza ni nini, Papa Zéphyrin akasema wiski ya dukani imepanda bei na alkoli ni alkoli. Alhamisi na Ijumaa waliichanganya na maji, rangi na ule moshi. Chupa arobaini na nane. Mimi nimeziandika. Nisamehe, nimeziandika, na yeye amesimama nyuma yangu.

Haziendi kwa wale matajiri wanaokusanya chupa za zamani. Ni za harusi ya Jumamosi ijayo, watu wetu wenyewe, watu wa kanisa. Baba wa bwana harusi alitaka kitu cha heshima kwa meza za wazee.

Nilikusanya nguvu nikamwuliza Papa Zéphyrin kama ni salama. Alicheka. Akachota kijiko kutoka kwenye dramu, akakiwasha kwa kiberiti, moto ukawa wa buluu. Akasema, "Umeona? Buluu safi. Ingekuwa sumu ingewaka njano." Dady akapiga makofi.

Mjomba, kijiko kile nakijua. Nilishakiona zamani, mahali pengine. Uani kwetu Bukavu. Nilikuwa na gauni jeupe, na watu wanacheka, na aliyeshika kijiko chenye moto wa buluu ulikuwa wewe, na baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba anasema mwacheni mwanasayansi afanye kazi yake.

Niambie baba alipofukaje.

Élodie


Vickery Meadow, Dallas
Jumatano, 6 Agosti 2003

Élodie mwanangu,

Barua hii naipeleka kwa posta ya haraka, ikufikie kesho, Alhamisi. Nimewaomba wakupe wewe mkononi. Safari hii sitakuambia habari za majirani.

Kosa ambalo watu wengi hufanya, na ambalo mimi nilifanya nikiwa na shahada, ni kudhani kwamba sumu hii inaweza kugunduliwa kwa mdomo, kwa pua au kwa kijiko. Haiwezi. Kuna alkoli ya kunywa, na kuna ndugu yake, methanoli, inayotumika viwandani na kwenye maji ya kusafishia vioo vya magari. Zina harufu ya karibu sana. Zikichanganywa, ulimi hauzitenganishi, na kijiko huwaka buluu vilevile. Mtu akiinywa hulewa kama kawaida, hucheza, hulala. Mwili huchukua saa nyingi kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hushika mshipa wa jicho kwanza. Ndiyo maana harusi nzima inaweza kumalizika kwa furaha, na ugonjwa ukaanza kesho yake, kila mtu akiwa kwake, akidhani ni uchovu.

Ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa komunyo yako ya kwanza, Mei 1987. Yule mfanyabiashara alikuwa akijaza wiski Bukavu na kuiita ya Uskoti. Alkoli ililetwa kwa lori, ndani ya dramu. Shehena ile haikuwa na maandishi. Vifaa vya kuipima vizuri sikuwa navyo, na bosi alikuwa amesimama mlangoni. Nikawasha kijiko. Nikatia sahihi yangu kwenye karatasi. Nilijiamini kiasi kwamba nilileta chupa mbili nyumbani kwenu, na kijiko nikakionyesha uani ili wageni wacheke. Mimi nilikunywa kidogo kwa sababu nilikuwa nazungumza sana. Baba yako, Fidèle, hakupenda kuzungumza.

Kesho yake asubuhi aliuliza kwa nini hatujafungua madirisha. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Mama yako akafikiri anatania.

Watu wengine wanne wa mtaa huo walikufa juma lile. Daktari alisema homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa ilikuwepo mjini, na mimi niliyejua nilinyamaza. Fidèle aliishi miaka miwili gizani, na kila jioni nilikwenda kumsomea gazeti, na kila jioni alinishukuru. Ada zako za shule nililipa mimi, ukadhani ni upendo. Ulikuwa upendo pia. Mama yako hajui. Nitamwandikia mwenyewe wiki hii, kabla hajasikia kwa mwingine.

Sasa nisikilize. Labda dramu ile ni safi. Mimi pia nilisema labda. Papa Zéphyrin si lazima awe muuaji. Mimi sikuwa muuaji, nilikuwa mtu aliyeogopa kumkasirisha mtu aliyempa kazi. Alikuja na makoti mawili uwanja wa ndege, ni kweli, na wema ule haufutiki. Lakini wanaokwenda kukaa meza za wazee Jumamosi wamepokelewa pia na mtu fulani, kwenye uwanja fulani, na koti.

Ningekuwa nimekwisha kuwapigia simu wahusika mwenyewe kupitia Matumaini, ningekuwa nimekaa nao kwenye simu hadi usiku. Siwezi. Ulikataa kuniandikia karakana iko wapi, na ukumbi wa harusi hukuutaja. Katika watu wote wanaojua hatari hii na kutaka harusi hiyo iishe salama, ni wewe peke yako unayejua mahali. Ulificha ili kujilinda, nami nilikaa kimya ili kujilinda, na angalia tulipofika.

Unaogopa mwandiko. Uogope, ni haki yako. Nami siwezi kukuahidi watu wa serikali wataamua nini kuhusu karatasi zako. Ninachojua ni hiki: mwandiko ulio kwenye chupa ambayo haijafunguliwa unaweza kuelezwa na mtu mzima aliyetishwa. Wangu hauelezeki tena. Nimekata tiketi ya basi la kesho mchana. Jioni nitakuwa Houston, karibu nawe, na popote watakapokuita nitakaa kando yako na barua zako zote mkononi, zenye tarehe, zinazoonyesha nani alikuwa amesimama nyuma yako. Fika kituo cha basi cha huko, ukiwa na begi moja na mtoto. Pale kwa dada yake Zéphyrin msilale tena.

Kabla ya basi langu kufika, kuna jambo ambalo haliwezi kuningoja. Kwenye friji, chini ya picha yangu yenye masikio makubwa, kuna ile sumaku nyekundu. Kila familia iliyofika hupewa, na mimi ninayo hapa. Namba iliyochapwa juu yake ni ya kituo cha sumu. Wanapokea saa zote, na ukisema neno "Swahili" watakutafutia mkalimani. Wao wanauliza habari za sumu. Karatasi zako hawaziulizi. Waambie dramu ya buluu, chupa arobaini na nane, karakana iko wapi, ukumbi uko wapi, Jumamosi saa ngapi.

Toa sumaku hiyo sasa hivi, nenda nayo kwa jirani mwenye simu, na piga namba hiyo leo.

Godefroid